Mama wa Kwenye Fulana

Mwanamke niliyempenda alikuwa na mama, na mama huyo nilimwogopa kuliko umeme. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilikuwa nimemchapa tu.

Nisieleweke vibaya. Nilimchapa kwenye fulana. Ndiyo kazi yangu, nachapa fulana kwa wino na fremu, kwenye chumba kimoja chenye meza ndefu, kamba za kuanikia na kioo kirefu cha wateja kujitazama. Mikono yangu haijawahi kuwa na rangi moja tangu nianze. Mtaani waliniita Fundi Wino, na mwenyewe nikazoea.

Yeye walimwita Kicheko. Alikuwa mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusema, halafu anakuomba radhi, halafu anacheka tena kwa sababu ameomba radhi. Babu na bibi yake walitoka Asia kwa meli, na masanduku ya bati, na mdomo usiokubali kushindwa. Babu alikufa, bibi akafuata, ule mdomo ukabaki. Aliurithi mama yake. Kicheko alikuwa na kipaji cha kuchora, basi aliyachukua maneno ya mama yake, akamchora mama mwenyewe, mfupi, miwani mikubwa kama vifuniko vya mitungi, nywele zimefungwa fundo kisogoni, mikono kiunoni. Chini ya mchoro anaandika neno. Mimi nachapa. Watu wanacheka, wananunua.

Tulianza hivyo, yeye na mchoro wake, mimi na wino wangu. Sijui siku gani kazi iligeuka. Najua tu kwamba nilianza kuvaa shati safi kuja mahali ambapo shati safi halidumu hata asubuhi moja. Naye alianza kuinama mezani karibu yangu kuangalia kama wino umekaa sawa, wakati hata akiwa mlangoni angeuona. Tukitazamana, mmoja wetu alikuwa lazima aangushe kitu. Nimeangusha makopo mengi.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba Jumapili angenipeleka kwao. Mama hakujua lolote, si kuhusu mimi, si kuhusu fulana. Aliambiwa binti yake anafanya kazi "ofisi ya matangazo."

"Na akikataa?" nilimuuliza Kicheko.

Siku hiyo hakucheka. "Akikataa, Fundi, sitatoroka na wewe. Nakuambia mapema. Mimi najijua. Nikiwa na wewe huku mama hanisemeshi, nitakuwa nusu mtu. Sitaki kukuletea nusu."

"Basi tutamwomba vizuri."

"Tatizo si kukataa. Mama hajawahi kukataa kitu maishani. Anasema 'tutaona.' Akishasema tutaona, jambo hilo limekufa, limezikwa, na kaburi limeota majani."

Hiyo "tutaona" ndiyo fulana yetu iliyokuwa inauzika kuliko zote.

Sasa basi. Ilikuwa Alhamisi, asubuhi ya jua kali. Kicheko alikuwa ameenda kuchukua fulana tupu kwa muuzaji wa jumla. Mimi nilikuwa navuta wino kwenye fremu, napiga mluzi.

"Hodi humu."

"Karibu, mama. Ingia tu, ila usiegemee hapo kushoto, rangi bado mbichi."

Aliingia mama mdogo wa umbo, mtandio kichwani, mkoba mkubwa ameukumbatia kifuani kama mtu anayevuka mto. Alikuwa anakunja macho kama asiyeona vizuri. Alizungusha macho kwenye kuta zote, kamba zote, mpaka kwenye miguu yangu.

"Hapa ndipo wanapouza nguo za kuchekesha?"

"Ndipo. Ila nguo ni za kawaida tu, mama. Kinachochekesha ni mama mmoja."

"Mama gani?"

Nikainua fulana iliyokauka. "Huyu. Mimi namchapa kila siku."

"Unamchapa?"

"Asubuhi na jioni. Wateja wakizidi namchapa mpaka bega linauma."

Akaubana mkoba zaidi. "Na yeye anasemaje?"

"Hajui."

"Hajui! Na wanawe wako wapi?"

"Binti yake ndiye anayeniletea, mama."

Msomaji, wewe umeshaelewa. Mimi sikuelewa. Nilikuwa nimeichapa sura ile kwa wino mara nyingi kiasi kwamba mkono uliijua kuliko macho. Mama wa kwenye fulana alikuwa na miwani na mikono kiunoni. Huyu hakuwa na miwani, na mikono yake ilishika mkoba. Kwangu alikuwa mteja, na mteja anahitaji maneno.

"Nisomee," alisema. "Macho yangu hayanisaidii leo."

Nikamsomea. "Hii inasema: Vua viatu. Anayepiga deki ni mimi."

"Sasa hapo kichekesho kiko wapi?"

"Ni ule ukali wake, mama."

"Ukali gani? Viatu havileti vumbi?"

"Vinaleta."

"Na nani anapiga deki? Wewe?"

"Hapana, mama."

"Basi. Endelea."

"Hii ya kijani: Kochi la wageni. Wewe si mgeni."

"Ni kweli. Kochi linachakaa."

"Na hii, maneno ya binti mwenyewe, wanaipenda sana vijana. Babu alivuka bahari. Mimi sivuki sebule bila kuulizwa naenda wapi."

Mdomo wake ulitikisika upande mmoja, kisha akaubana. "Mtoto wa kike akitoka asiulizwe anakokwenda?"

"Huyu ana miaka thelathini na kitu, mama."

"Hata akiwa na mia. Na ile pale nyekundu?"

"Ile ndiyo mfalme wa duka. Tutaona."

"Tutaona nini?"

"Tutaona tu. Unajua, mama huyu hajawahi kusema hapana. Anasema tutaona, na tutaona yake ni hapana iliyovaa nguo za wageni. Binti yake alipokuwa msichana aliomba apelekwe kusomea uchoraji. Akaambiwa tutaona." Nikacheka. "Mpaka leo wanaangalia."

Yule mama hakucheka. Aliishika ncha ya ile fulana nyekundu akaipapasa kwa kidole gumba.

"Alikwambia hivyo? Kuhusu uchoraji?"

"Alinambia akicheka. Lakini huyu binti ana vicheko vya aina nyingi, mama. Hicho kilikuwa cha kufunikia."

"Wewe unavijua vicheko vyake vyote?"

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaweka raba ya kuvutia wino chini, nikajifuta mikono, nikaanza kumwaga moyo wangu kwa mteja nisiyemjua, kwa sababu mapenzi ni kama kikohozi, hayashikiki.

"Navijua. Na vile ambavyo bado sivijui nataka kuvijua. Nataka kumwoa, mama. Jumapili nakwenda kwao. Na nakwambia ukweli, sijalala vizuri wiki nzima kwa sababu ya mama yake."

"Unamwogopa nini, nawe unamchapa kila siku?"

"Namwogopa kwa sababu binti yake anampenda. Angekuwa hampendi, mimi ningejali nini? Lakini akizungumza habari za mama yake, hata akimlalamikia, uso wake unawaka. Ukikaa humu ukamsikia anavyomwigiza, utadhani anamlalamikia mtu. Kumbe anamsifia."

"Hm. Na wewe unampendea nini? Uzuri?"

"Uzuri ninao nyumbani, kwenye kioo."

Safari hii alishindwa, akatoa sauti ndogo puani.

"Sema kweli," akasema.

"Kweli ni hii. Mimi nilioa zamani, mke wangu akafariki. Baada ya hapo nilikuwa nakuja hapa, nachapa, nakwenda kulala. Nilidhani hayo ndiyo maisha na nilikuwa siyalalamikii. Huyu alipokuja na michoro yake, siku ya kwanza tu aliniambia rangi yangu ya bluu ni ya hospitali. Nikakasirika. Jioni nikaichanganya upya. Tangu siku hiyo, mama, kila rangi humu ndani naichanganya kwa jicho lake. Hata asipokuwepo. Sasa nikimkosa, nitachanganya rangi kwa jicho la nani?"

Yule mama aligeuka, akajifanya anaangalia kamba ya mwisho. Pale kulikuwa na fulana nyeupe zenye mstari mmoja wa maandishi meusi, marefu, yenye mikunjo, yanayoning'inia kama nguo zilizoanikwa. Ndizo nilizojivunia kuliko zote.

"Hizo ni za heshima," nikamwambia. "Hazina utani. Ni maandishi ya kwao, ya lugha ya bibi yake. Bibi aliyadarizi kwenye foronya ya mto kwa mkono wake. Binti akayafuatisha kwa kalamu, mimi nikayachapa. Maana yake: Nyumba yenye kicheko haikosi baraka."

"Nani kasema ndiyo maana yake?"

"Bibi mwenyewe alimwambia alipokuwa mtoto."

Yule mama akafungua mkoba. Akatoa kifuko. Kutoka kwenye kifuko akatoa miwani, mikubwa kama vifuniko vya mitungi, akaivaa. Akaitazama ile fulana. Akasogea. Akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia. Mtandio ukamwangukia mabegani, nikaona fundo la nywele kisogoni. Kisha akaweka mikono kiunoni.

Damu yangu yote ilishuka miguuni ikatafuta mlango.

"Mama," nikasema, sauti imekuwa ya mbuzi. "Ni wewe."

"Ni mimi. Shangazi zake wameniambia wameniona kifuani kwa kondakta. Nikasema ngoja nije nijione. Nipe kioo."

"Kioo?"

"Kile pale. Ilete fulana."

Nikaleta. Akaisimamisha mbele ya kioo, akasoma polepole kwa lugha yake, midomo ikicheza, maneno nisiyoyajua. Ndipo nikaelewa, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Ukitaka kuchapa, kwanza unalaza karatasi angavu yenye mchoro juu ya fremu, na ukiilaza uso chini mgongo juu, maandishi yanatoka kinyume. Kosa hilo hulifanya mwanafunzi wa siku ya kwanza, na hulitambua papo hapo kwa sababu herufi anazijua. Mimi zile sikuzijua. Na Kicheko aliisema lugha ya bibi yake, lakini kuisoma hakufundishwa. Sisi wawili tulisimama mbele ya yale maandishi siku nzima tukiyasifia, yamepinduka kama popo.

Naijua mpaka dakika niliyokosea. Kicheko alikuwa ananipulizia vumbi kwenye nyusi.

Mlango ukasukumwa. "Fundi, njoo unipokee, mzigo huu una..." Kicheko aliingia na furushi begani. Akaona mtandio, akaona miwani. Furushi likaenda chini. "Mama!"

"Ofisi ya matangazo," alisema mama yake.

"Mama, nilikuwa nataka kukwambia Jumapili."

"Jumapili ungeniambia nini? Kwamba mji mzima unanivaa? Nimepita sokoni, mwuza mboga ananitazama, anamkonyeza mwenzake. Nikadhani nimetoka na kitambaa cha jikoni begani. Kumbe ananijua! Mimi simjui, yeye ananijua mpaka kochi langu!"

"Watu wanakupenda, mama. Wananiambia, huyu ni mama yangu kabisa, huyu ni shangazi yangu."

"Wanicheke kwa sababu wanawaona mama zao? Waende wakawacheke wao!" Sauti yake ilikatika kidogo. Akashika ncha ya mtandio. "Umenificha. Hilo ndilo. Miaka yote nilidhani ninaongea na ukuta. Kumbe ukuta ulikuwa unaandika, na hukuniambia."

Kicheko aliinamisha kichwa. "Niliogopa utasema tutaona."

Mimi nilisimama na fulana mkononi kama nguzo ya kuanikia.

"Na huyu?" Mama alinielekezea kidevu bila kunitazama. "Huyu naye ulikuwa unamficha kwa kuogopa hilo hilo?"

"Ndiyo, mama."

"Si mtu wetu."

"Najua, mama."

"Ndugu zako watasema."

"Ndugu zangu watasema hata nikiolewa na malaika. Watasema mbawa zake zinaangusha manyoya sebuleni."

"Ana mvi!"

"Nusu ni wino mweupe, mama," nikasema.

"Nimekuuliza wewe?"

"Hapana, mama."

"Basi nyamaza." Akarudi kwa binti yake, akanyakua ile fulana nyeupe kutoka mkononi mwangu. "Na hii. Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye foronya ya bibi. Ile ya maua ya zambarau. Nyumba yenye kicheko haikosi baraka."

"Bibi yako ndiye aliyekwambia hivyo?"

"Ndiyo. Nilimuuliza kila siku mpaka akaniambia."

Mama akaufunga mdomo kwa nguvu. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikasogea kumpa kiti.

"Kwanza mmeichapa kinyume," alisema, akihangaika kupumua. "Inasomeka kwenye kioo tu. Pili, bibi yako alikuwa mwongo mzuri sana, Mungu amrehemu. Ulikuwa unamsumbua, akakupa jibu la kukunyamazisha. Unajua pale palidariziwa nini?"

"Nini?"

"Mto wa wageni. Usiguse."

Kicheko alinitazama. Mimi nilimtazama Kicheko.

"Mmeuza ngapi?" aliuliza mama.

"Nyingi," nikasema.

"Wanawake nao wamenunua?"

"Wao ndio wengi, mama."

"Wanatembea mjini. Na kifuani wameandika. Mto wa wageni. Usiguse."

Kicheko ndiye aliyeanza. Kilimtoka kile kicheko chake cha juu, kisichokuwa na breki, akashika ukingo wa meza. Mama akamfuata, na hapo nikagundua chanzo cha mto, kwa sababu ni kicheko kile kile, ila cha mama kilikuwa kimezeeka na kuiva. Walishikana mikono, wakaegemeana, mmoja akijaribu kunyamaza mwingine anamwambia "usiguse!" na wote wawili wanaanza upya. Mimi nilicheka mpaka nikaketi juu ya kopo la wino.

Walipotulia, mama alivua miwani akafuta macho. Nikaona kwamba nikiingoja Jumapili nitakuwa mpumbavu. Nikainuka. Suruali ilikuwa na duara la bluu nyuma, lakini hilo sikulijua mpaka baadaye.

"Mama, mimi si mtu wa maneno mengi," nikasema.

"Tangu nimeingia hujanyamaza."

"Basi namalizia. Nampenda binti yako. Naomba unipe ruhusa nimwoe. Hayo mengine nimeshakwambia, na nisingekwambia kama ningejua ni wewe, kwa hiyo unajua ni kweli."

Mama akavaa tena miwani, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala zangu. Akafungua mdomo.

"Tu..."

Akasita. Fulana nyekundu ilikuwa inaning'inia mbele ya pua yake, herufi kubwa kama nyumba. Akaitazama. Sisi tukaitazama. Akafumba mdomo, akajaribu tena, macho yakaenda kule kule.

"Mmeniibia neno langu," alisema kwa uchungu. "Sasa nitajibu nini?"

"Jibu lililokuwa nyuma yake, mama," alisema Kicheko polepole. "Liwe lolote."

Mama aliketi kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani. Alipoanza kusema, hakuwa na sauti ya kwenye fulana.

"Nyuma yake hakuna hapana. Nyuma yake kuna woga. Uchoraji, niliogopa ungeenda mbali usirudi. Watoto wote wakitaka kitu naogopa, nasema tutaona ili nipate muda wa kuogopa vizuri." Akajikuna kiganja. "Huyu sina neno naye. Ana mdomo, lakini ana moyo mdomoni, si vibaya. Ninachoogopa ni kingine. Nyumbani tulikuwa tunaongea lugha yetu watu tisa. Sasa naongea na wewe, na dada yangu kwa simu. Kuandika umekosa, kosa langu, sikukufundisha. Nikifa, utaongea na nani? Utaota kwa lugha gani? Na watoto wako watakuita nani, kwa maneno gani?"

Kicheko alipiga magoti mbele yake, akaweka kichwa juu ya ule mkoba. Machozi yalimlowesha mama vidole.

Mimi nilikuwa na jibu moja tu, na halikuwa la busara.

"Nifundishe mimi," nikasema.

Mama akainua uso. "Wewe? Kwa umri huo?"

"Niliacha shule mapema, mama. Nafasi kichwani bado ipo."

"Ulimi wako mgumu."

"Utalainika. Siku za kazi nitachapa, jioni utanifundisha. Kusoma pia, nisije nikakuchapia mto mwingine. Kicheko atakaa hapo na yeye ajifunze herufi. Siahidi kwamba nitajua sana. Nakuahidi kwamba nyumbani kwangu lugha hiyo haitakuwa mgeni."

Mama akamgusa Kicheko begani ainuke, kisha yeye mwenyewe akainuka, akatembea mpaka kwenye kamba. Akaanza kuzipanga upya fulana zangu, eti nimezianika ovyo.

"Kwanza usiniite mama," alisema akiwa amenipa mgongo. "Hata kondakta ananiita mama."

Moyo wangu ukaanguka. "Nikuite nani?"

"Kwetu mkwe ana neno lake la kumwita mama wa mke wake. Hakuna mwingine anayelitumia. Kicheko, baba yako alimwita bibi yako hivyo mpaka siku ya mwisho."

Nikasikia Kicheko akivuta pumzi. Mimi nilichelewa. Nilikuwa nimeng'ang'ana na lile neno lenyewe, kwa sababu alilitamka mara moja tu, haraka, likapita kama ndege. Katikati yake kuna sauti inayotaka ukunje ulimi uguse juu, halafu uachie taratibu. Silitaji hapa. Ni la nyumbani kwetu.

Nikajaribu.

Kicheko akaziba uso kwa viganja. "Fundi! Umemwita birika!"

"Birika la nini?"

"La chai!"

"Ulimi nyuma," alisema mama bila kugeuka. "Si meno. Nyuma. Kama unaonja kitu."

Nikajaribu tena. Safari hii hakuna aliyecheka, ila Kicheko alitikisa kichwa, akaja akasimama mbele yangu, akanionyesha kwa mdomo wake, polepole. Nilitazama midomo yake. Kwa mara ya kwanza maishani nilimtazama mwanamke huyu kwa karibu namna ile mbele ya mama yake, na kwa sababu ya masomo. Akalitamka bila sauti. Nikalitamka bila sauti baada yake. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na yanacheka.

Ndipo nilipoelewa ninachofundishwa. Nilijua maana ya mtu kukupa jina la kumwita.

Nikageukia ule mgongo mdogo kwenye kamba. Nikakunja ulimi. Nikaita.

Mikono yake ilisimama juu ya fulana. Nje, mtu alipita akisukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia. Likalia, likaenda, likapotea.

"Abee, mwanangu," aliitikia.

Hakugeuka. Alikuwa amevua miwani tena. Kicheko alinishika mkono wenye wino, akaufinya mpaka rangi ikamhamia.

Nikaita mara nyingine. Sikuwa na la kumwambia. Nilitaka tu kuitikiwa.

"Abee! Nimesikia, mimi si kiziwi," alisema mama mkwe wangu. "Na badilisha suruali, watu wasikuone hivyo."